Kuteseka, Kuteswa na Mlima Kasigau

Mhispania akienda dukani kutafuta kitambaa cha makochi, huenda muuzaji akamshauri achague kijivu au kahawia kwa kuwa ni rangi *sufrido*, yaani rangi isiyoonyesha uchafu upesi. Neno hilohilo humsifu askari wa miguu, mkulima wa ardhi kavu, au mama aliyelea watoto wengi kwa kipato kidogo: watu waliobeba mengi na hawakupiga kelele. Kitambaa hakionyeshi doa, na mtu haonyeshi maumivu. Hata mume anayejua nyendo za mkewe na kunyamaza aliwahi kuitwa hivyo kwa kejeli. Pale Voi, ambako vumbi jekundu huingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, na ambako ndovu wa Tsavo ni wekundu kwa kujipaka udongo, rangi ya aina hiyo isingeweza kushindana na rangi ya ardhi yenyewe. Kivumishi hicho cha ng'ambo kinatufaa kuisoma upya historia ya Taita Taveta, kwa sababu kinaficha jambo ambalo Kiswahili, kikitumiwa kwa uangalifu, kinakataa kulificha.

Tulitazame umbo lake kwanza. *Sufrido* limetokana na kitenzi *sufrir*, na kwa sura yake lilipaswa kumaanisha kitu kilichovumiliwa. Maana yake, hata hivyo, imehamia kwa anayevumilia. Si ajabu katika Kihispania. *Leído*, ambalo kwa sura ni "kilichosomwa", humwelezea pia mtu aliyesoma sana. Lakini katika neno la mateso uhamisho huo una uzito wa pekee: jambo lililomfika mtu kutoka nje hugeuka kuwa tabia yake ya ndani. Aliyeumizwa anakuwa mtu wa kuumia, na anasifiwa kwa hilo. Nyuma ya *sufrir* kuna kitenzi cha Kilatini *sufferre*, kilichoundwa kwa maneno mawili, "chini" na "kubeba". Kuteseka, kwa Mrumi, kulikuwa kuwa chini ya mzigo. Kiswahili nacho kilipita njia hiyo kupitia Kiarabu, ingawa wasemaji wengi hawaioni tena. *Kustahimili* na *hamali* ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kubeba. Mstahimilivu na mchukuzi wa mizigo ya bandarini ni ndugu wa damu.

Lakini Kiswahili kina chombo kingine ambacho Mhispania hana katika *sufrir*. Kutokana na *kutesa* tunapata *kuteswa* na *kuteseka*. Mwalimu wa sarufi atasema la kwanza ni kauli ya kutendwa na la pili ni kauli ya kutendeka, kama vile kikombe *kimevunjwa* au *kimevunjika*. Mtoto aliyeangusha kikombe anajua tofauti hiyo kabla hajaanza shule: hukimbilia kusema kimevunjika. Kauli ya kutendwa huacha kiti wazi kwa mtendaji. Hata asipotajwa, msikilizaji anajua kuna mtu wa kukikalia. Kauli ya kutendeka hukiondoa kiti chenyewe. Ninachodai ni kwamba sehemu kubwa ya historia ya Taita Taveta imesimuliwa kwa *-eka* pale ambapo ushahidi unadai *-wa*, na kwamba sifa ya uvumilivu, ile sifa ya *sufrido*, ndiyo iliyorahisisha ubadilishaji huo.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vinavyotoa ushahidi ulio wazi zaidi. Wajerumani waliiteka Taveta katikati ya Agosti 1914, na kwa mwaka mmoja na nusu nyika iliyo kati ya mji huo na Voi ikawa uwanja wa vita. Doria za Kijerumani zilivuka nyika kuja kulipua reli ya Mombasa. Waingereza nao wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, ikapita Mwatate hadi Maktau, ili walete majeshi na maji mahali pasipo na mto. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakidhani kina watetezi wachache, wakarudishwa nyuma kwa hasara. Mwezi uliofuata mapigano ya Latema na Reata yaliwafungulia njia ya kuelekea Moshi. Hayo yamo katika vitabu, na watalii wa historia ya vita huletwa kuyaona mahandaki. Yasiyo na handaki la kuonyesha ni ya wapagazi.

Jeshi lililoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani lilitembea juu ya vichwa vya watu. Mbung'o waliua farasi, ng'ombe na nyumbu. Magari yalizama matopeni. Aliyebaki kubeba unga, risasi na machela alikuwa mtu. Mwanzoni wapagazi waliajiriwa, lakini mwaka 1915 sheria ya serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza iliruhusu wachukuliwe kwa nguvu, na mshahara wa mpagazi ukashushwa hadi rupia tano kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walikaribia 95,000, na risasi iliua sehemu ndogo tu yao. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Hapa inafaa kuchungulia ndani ya chungu. Posho ilikuwa unga wa mahindi uliosagwa kwa haraka, wenye chenga ngumu, na mpagazi aliyefika kambini usiku, kuni zimelowa, aliupika nusu, akaula hivyo kwa sababu alfajiri filimbi ingelia. Unga huo mbichi uliwakwaruza matumbo watu ambao wengine wao hawakuwa wamezoea mahindi hata kidogo. Kusema watu hawa *waliteseka kwa magonjwa* si uongo. Ila kuna aliyeamua posho iwe ile, mzigo uwe ule, na mwendo wa siku uwe ule, na maamuzi hayo yaliwekwa sahihi.

Baada ya vita sifa zilimiminika. Katika sanamu ya askari na wapagazi iliyoko katikati ya Nairobi, na katika ndugu zake wa Mombasa na Dar es Salaam, maandishi yanawataja wachukuzi kama miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa nzuri, na ni *sufrido* tupu: mguu hauulizwi unakwenda wapi, na mkono hauna jina. Makaburi ya vita ya Voi na Taveta yana mawe yenye majina ya wanajeshi. Mpagazi aliyezikwa kando ya njia ile ile hana jiwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kuwa wafu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ilifika zaidi ya miaka mia moja baada ya unga ule mbichi.

Wapagazi walitoka pande zote, kwa hiyo mtu anaweza kusema mkasa wao si wa Taita peke yake. Kasigau ni wa Taita. Mlima huo unasimama peke yake kusini-mashariki ya Voi, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na chini yake vijiji vya Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi na Kiteghe vimeuzunguka kama mkufu. Mmisionari Johannes Rebmann aliufikia mwaka 1847, kabla hajauona Kilimanjaro. Mwaka 1915 Wajerumani walikishambulia kituo cha Waingereza kilichokuwa hapo. Waingereza wakataka kujua adui alipitaje, na jibu walilolipata ni kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Hawakushtakiwa watu wawili watatu. Jamii nzima ilihamishwa ikapelekwa Malindi, kwenye joto na mbu ambao watu wa mlimani hawakuwa na kinga dhidi yao. Wengi wao walifia huko. Waliobaki hai hawakuruhusiwa kurudi mlimani kwao vita vilipokwisha. Ni katika miaka ya 1930 ndipo familia zilipoanza kupanda tena mashamba ya mababu zao, nyingine zikiwa na watoto wakubwa waliokuwa hawajapata kuuona mlima huo.

Angalia jinsi mkasa huu unavyosimuliwa kwa kawaida, pale unaposimuliwa. Wakasigau *waliteseka* Malindi. Waliugua malaria, njaa iliwapata, walipungua. Kila kitenzi ni sahihi, na vikikusanywa pamoja vinatoa picha ya watu waliokumbwa na hali ya hewa. Lakini Malindi haikuwafuata Kasigau. Palikuwa na amri, na amri ilikuwa na ofisi. Ukiweka *waliteswa*, sentensi yenyewe inaanza kudai: na nani? Hapo ndipo mwandishi analazimika kuutaja uongozi wa kikoloni, tuhuma za usaliti, na adhabu iliyowashika wazee na wachanga pamoja na yeyote ambaye labda alizungumza na Mjerumani.

Lipo pingamizi la haki hapa, nalo linatoka kwa watu wenye uchungu na historia hii. Wanasema ukiandika *waliteswa* kila mahali, unawafanya wazee wetu kuwa vitu vya kutendwa, watu wasio na lao isipokuwa kupigwa. *Mvumilivu*, wanasema, angalau ni mtu anayefanya jambo. Wakasigau walirudi, walijenga, waliutunza msitu wa kilele cha mlima. Je, hilo si tendo? Nalikubali kwa nusu. Uvumilivu ni kazi, na lugha yoyote inayowanyima watu sifa ya kazi yao ina kasoro. Lakini tusisahau nani alikuwa akiitumia sifa hiyo na wakati gani. Ofisa aliyeandika kwamba mpagazi wake ni mstahimilivu alikuwa akijibu swali moja la vitendo: atabeba hadi lini? Sifa inayotolewa na aliyeweka mzigo ni hesabu ya mzigo. Anayejisifu mwenyewe kwa kuvumilia anasema jambo jingine kabisa. Na kwa kweli Wataita hawakuwa wavumilivu tu. Mwaka 1940 Chama cha Taita Hills, kilichopinga kuporwa kwa ardhi na mipango ya wakoloni ya kilimo na mifugo, kilipigwa marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba, na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Mtu *sufrido* hapigwi marufuku.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Je, kama hakuna mtendaji? Mwaka 1884 na 1885 njaa iliyokumbukwa kwa jina la Mwakisenge iliikausha Taita. Mvua haikunyesha; nani aitwe mtesi? Swali hili linatupeleka kwenye mila ya Wataita wenyewe, na hapo ndipo mambo yanapokuwa ya kuvutia. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1978, alionyesha kwamba dini ya asili ya Wataita ilijengwa juu ya wazo kwamba balaa halitoki hewani. Ugonjwa, utasa, ng'ombe kufa, mvua kugoma: nyuma ya kila kimoja huenda kuna moyo wenye hasira, wa jirani, wa mzazi, wa mzimu, au wa Mungu. Dawa yake ilikuwa *kutasa*. Mwenye hasira hutia kinywani funda la maji au la pombe ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu, huku akitamka kwamba ameitoa hasira yake na kuwaombea wenzake uzima. Sarufi ya Mtaita wa zamani, kwa maneno mengine, haikuwa na *-eka*. Palipo na mateso, pana moyo wa mtu.

Ni kweli kwamba fikra hiyo ina hatari. Joseph Wray, mmisionari wa Church Missionary Society (CMS) aliyeingia Sagalla mwaka 1883, alikuta mvua zikikatika muda mfupi baada ya kufika kwake, na wapo wenyeji waliomshuku yeye kwamba ndiye aliyezizuia. Mgeni mweupe mwenye vitabu hakuwa na uwezo wowote juu ya mawingu. Aidha, ukiitazama hukumu ya Kasigau kwa jicho hilo, utaona Waingereza walifanya jambo lile lile: walishindwa, wakatafuta moyo mbaya wa kuubebesha kushindwa huko, wakaupata kwa watu wasio na bunduki. Kwa hiyo mtu anaweza kunigeuzia hoja na kusema kwamba kutafuta mtendaji wa kila mateso ndiko kunakozaa mateso mapya, na heri *kuteseka* lisilomnyooshea mtu kidole.

Jibu langu liko ndani ya kutasa kwenyewe. Waganguzi walitafuta chanzo, ndiyo, lakini tiba haikukamilika kwa kumpiga mtuhumiwa. Ilikamilika pale mwenye hasira alipokuja yeye mwenyewe, akafungua kinywa mbele ya walioumia, akaitoa. Mtendaji alihitajika ili aseme. Tofauti kati ya hilo na amri ya Kasigau ni kubwa kama mlima wenyewe. Tena hata Mwakisenge haikuwa ya mawingu peke yake. Ukame hukausha mtama, lakini nani atakula na nani atakufa huamuliwa na biashara, na mali, na nguvu. Kwa ukame tuseme watu *waliteseka*. Kwa mtoto aliyetolewa rehani wakati wa njaa hiyo kwa vibaba vya nafaka, *-eka* haitoshi. Sitaki neno moja lishinde kila mahali. Nataka kila moja lifanye kazi yake.

Atakuja mwanaisimu na kuniambia kwamba lugha haifungi fikra, na kwamba msemaji wa *kuteseka* anaweza kumjua vizuri aliyemtesa. Mfano mzuri anao. Katika Kanuni ya Imani, Kihispania humwekea Kristo kitenzi cha kuumia kisicho cha kutendwa, ilhali Kiswahili hutumia kauli ya kutendwa. Na bado lugha zote mbili humtaja Pontio Pilato kwa jina. Namkubalia kabisa. Ndio maana mfano huo unaniunga mkono: Kihispania kimelazimika kumleta Pilato kwa mlango wa nyuma, na kisingemtaja, sentensi ingekamilika bila yeye. Historia ya Kasigau imekamilika mara nyingi bila Pilato wake.

Maneno ya mateso, isitoshe, hayakai mahali pamoja. Kiarabu kilikuwa na *miskīn*, mtu duni wa kuhurumiwa. Neno hilo lilivuka kuelekea Uhispania likawa *mezquino*, likashuka pwani ya Afrika Mashariki likawa *maskini*. Huku kwetu limebaki na huruma yake kiasi kwamba mtu akianguka barabarani tunalitamka kama kilio: maskini! Kule kwao *mezquino* liliwahi kuwa mnyonge wa kuhurumiwa, kisha likateleza. Leo ni bahili, mtu wa roho ndogo. Mwenye dhiki aligeuzwa kuwa mwenye kasoro. Ni safari ya *sufrido* kwa upande wa pili: katika *sufrido* dhiki imefanywa fadhila, katika *mezquino* imefanywa aibu, na mara zote mbili aliyesababisha dhiki ametoka nje ya neno. Hatuna sababu ya kujigamba, maana nasi tunayo yetu. Nchini Tanzania walioathirika kwa ajali huitwa *wahanga*, neno la mtu anayejitoa, kana kwamba abiria wa basi waliamua. Magazeti ya Kenya hupendelea *waathiriwa*, na ile *-w-* ndogo ya katikati inastahili kulindwa.

Siku hizi, ukisikiliza mahojiano ya redio kutoka Voi, Sagalla au Mwatate, sentensi inayorudi ni kwamba wananchi wanateseka na ndovu. Hiyo *na* inadanganya. Si ile ya mtendaji, kama katika "kuteswa na askari". Ni ya kuwa pamoja na jambo, kama mtu anavyohangaika na mafua. Ndovu anaingia shambani usiku, mwenye shamba anagonga debe na kuwasha moto, na alfajiri mahindi yamelala chini. Inaonekana kama ugomvi wa wawili. Lakini mbuga ya Tsavo iliundwa mwaka 1948, na Tsavo Mashariki na Magharibi kwa pamoja zimechukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti. Sehemu nyingine kubwa ni ranchi na mashamba ya mkonge, na mkulima amebaki kwenye vipande vya katikati. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Kuweka fidia ni kukiri kwamba kuna mwenye dhamana. Ndovu hakuchora mpaka wa mbuga, na hakukata hati za mkonge.

Kuhusu wapagazi, kiti cha mtendaji hakikuwa kitupu hata siku moja. Baada ya vita, mishahara ya maelfu waliokufa bila warithi kupatikana ilibaki ikibishaniwa kati ya serikali ya Kenya na Hazina ya London kwa miaka mingi. Aliyeandika rejista ya mishahara alijua kila mmoja alitoka wilaya gani na anadai rupia ngapi. Majina, basi, yalikuwapo, yameandikwa kwa wino kwa ajili ya malipo, wakati mawe yalipokuwa yakichongwa kwa ajili ya makaburi ya Voi.